Gasketi ya hedi ikiungua: kuifungua na kuifunga Dodoma bila toki renchi

Gasketi ya hedi ni pedi nyembamba inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (sehemu ya chini yenye silinda); toki renchi ni spana inayopima nguvu ya kukaza. Maelezo haya yamelenga injini za Toyota 4A-FE na 5A-FE, zile za Corolla na Carina za miaka ya 1990 ambazo bado ziko barabarani kuanzia Kibaigwa hadi Manyoni. Injini nyingine za petroli zenye hedi ya alumini hufuata njia hiyohiyo, ila vipimo vya kukaza lazima viwe vya injini yako. Usiazime namba za injini nyingine hata kama bolti zinafanana kwa macho.

Kazi hii inaweza kufanyika chini ya mwembe, kwa vifaa vya kuunga, na ikadumu. Sharti lake ni moja: kifaa cha kubuni kinakubalika pale tu unapojua kimepima nini. Bomba lililochomekwa kwenye spana ili liongeze urefu ni halali. Kukaza bolti za hedi kwa kukadiria nguvu za mkono si halali, maana hakuna mkono unaoweza kukaza bolti 10 kwa nguvu sawa, na hedi hupinda au kuvuja kwa tofauti hiyo hasa.

Kwanza hakikisha ni gasketi

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huu maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo la karibu baa 0.9. Springi yake ikichoka au mpira wake ukikatika, gari lililokuwa likivumilia Dar es Salaam litachemsha hapa likiwa kwenye foleni tu. Kwa hiyo anza na kifuniko. Ni kitu cha bei ndogo, na hedi nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu yake.

Kisha themostati, valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, pasha taratibu. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yanapokaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isiyofunguka itupe, nunua nyingine. Usiondoke bila themostati kabisa, kama wengi wanavyoshauriana: kwenye injini nyingi za Toyota themostati ikiondolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta.

Angalia na mapezi ya rejeta. Vumbi la huku likichanganyika na mbegu za nyasi huziba katikati, mahali ambapo kwa mbele hupaoni. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukimwaga kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

Hayo yote yakiwa mazima na gari bado linakunywa maji, njoo kwenye gasketi. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha rejeta na ujaze maji hadi mdomoni. Legeza na uondoe mkanda unaozungusha wota pampu (kwenye injini hizi ni ule wa alteneta), kisha washa injini isizidi dakika 1. Kwa kuwa pampu haizunguki, maji yametulia, na mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye njia za maji. Ukiona pia plagi moja imesafishika nyeupe kuliko wenzake, umeipata silinda yenyewe.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki ni ushahidi mzito. Ute mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, peke yake, si ushahidi: gari la safari fupi fupi hutengeneza ute huo kutokana na mvuke.

Plagi ya upepo

Kipimo kinachosema kwa uhakika zaidi unaweza kukitengeneza mwenyewe. Chukua plagi kuukuu ya saizi ileile, vunja kauri yake, toa vyote vya ndani ubaki na ganda la chuma lenye nyuzi. Tafuta nipo ya chuma inayoingia kwenye kompresa, peleka kwa mchomeleaji aiunganishe na ganda kwa brazi. Ijaribu ndani ya ndoo ya maji kabla ya kuitumia. Ikitoa povu kwenye kiungio, irudishe.

Sasa funga plagi zote isipokuwa ya silinda namba 1. Ziba tundu lake kwa kidole huku mwenzako akizungusha krenki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana, mwendo wa saa. Upepo ukikisukuma kidole, pistoni inapanda ikiwa na valvu zimefungwa. Ingiza mrija wa soda wa plastiki kwenye tundu, endelea kuzungusha polepole hadi mrija uache kupanda. Hapo pistoni iko juu kabisa. Toa mrija, funga plagi ya upepo, na toa spana kwenye puli ya krenki. Hili la spana lizingatiwe sana. Upepo wa 40 PSI (kipimo cha shinikizo) kwenye pistoni ya 5A-FE yenye kipenyo cha milimita 78.7 unasukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 130. Pistoni isipokuwa juu barabara, krenki itazunguka ghafla, na spana iliyosahauliwa huvunja mkono wa mtu.

Fungulia upepo, weka 40 PSI, kisha sikiliza:

- Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi imeungua au hedi ina ufa.
- Upepo ukitokea kwenye tundu la plagi ya jirani (ifungue ujaribu), gasketi imekatika kati ya silinda hizo mbili.
- Ukisikika kwenye bomba la ekzosi, valvu ya kutolea moshi haikai. Ukisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia.
- Ukitoka kwa wingi kwenye tundu la oili, ringi zimechoka, na gasketi mpya haitaponya hilo. Kidogo ni kawaida.

Kwa silinda nyingine zungusha krenki nusu mzunguko kila mara, kwa mpangilio 1-3-4-2.

Kufungua

Injini iwe baridi kabisa. Hedi ya alumini ikifunguliwa ikiwa moto hupinda, hata kama ilikuwa nzima. Toa temino hasi ya betri, mwaga maji, na kama unaingia chini kwa ajili ya bomba la ekzosi, gari lisibaki juu ya jeki peke yake wala juu ya tofali. Tofali la saruji au la kuchoma hupasuka bila kutoa dalili. Tumia magogo ya mbao ngumu yaliyokatwa sawa, au tairi mbili zenye rimu zilizolazwa chini ya kingo za bodi.

Chagua siku isiyo na upepo. Kuanzia Julai hadi Oktoba vumbi la Dodoma huanza kunyanyuka saa nne asubuhi, kwa hiyo kazi ya kuacha silinda wazi ifanyike mapema, na kila tundu lizibwe kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi. Mchanga kidogo ndani ya silinda hukwaruza ringi tangu dakika ya kwanza ya kuwasha.

Chukua kadibodi ya boksi, chora hedi ukiitazama kutoka juu, toboa matundu mahali pa kila bolti. Kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti za hedi za injini hizi zina urefu wa aina 2. Ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi itagota chini, utasikia imekaza, kumbe hedi bado imelegea. Kofia za beringi za kamshafti (mhimili unaofungua valvu) nazo zina namba na mishale, zirudi zilikotoka, zikielekea zilikoelekea.

Kabla ya kutoa taimingi belti, weka krenki kwenye alama ya 0 na alama ya gia ya kamshafti ikae sawa na alama ya kofia ya beringi. Zipige picha kwa simu, na uongeze alama zako kwa rangi ya kucha. Mojawapo ya kamshafti ina gia mbili zilizobanwa kwa springi. Ifunge kwa bolti ya milimita 6 kwenye tundu lake kabla ya kuilegeza kamshafti, la sivyo gia itajikunja na kurudisha itakuwa kazi kubwa. Kofia zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kamshafti ipande ikiwa imelala sawa. Ikiinama hukatika, au huvunja kofia.

Bolti za hedi zina kichwa cha pembe 12. Soketi isiyokaa vizuri italambaza kichwa, na hapo utakuwa umejiongezea siku nzima ya kazi. Safisha tundu la kichwa kwa msumari, gonga soketi iingie hadi mwisho, ndipo uvute. Legeza kuanzia pembeni kuja katikati, robo mzunguko kwa kila bolti, kisha rudia. Hedi ikigoma kuachia, iinue kwa kipande cha mbao kwenye masikio yaliyochomoza ubavuni. Bisibisi isiingie kamwe kati ya hedi na bloku.

Uso wa hedi na wa bloku

Hapa ndipo gasketi mpya nyingi huuawa kabla hata ya kufungwa. Grenda yenye diski ya msasa inasafisha haraka, inang'arisha, na inachimba alumini mashimo ambayo macho hayaoni. Zaidi ya hapo, chembe za msasa hushuka kwenye njia za oili na kula beringi za krenki. Injini ikigonga miezi michache baadaye, watu hulaumu oili. Tumia kikwangulio cha mbao ngumu au plastiki nene kwenye hedi. Kwenye bloku ya chuma unaweza kulaza wembe. Mabaki yaliyokauka yalainishe kwa kitambaa chenye thina kwa dakika 10.

Kupima kama hedi imepinda kunahitaji kitu kilichonyooka kweli. Rula ya chuma ya dukani huwa haijanyooka kiasi hicho. Nenda kwa mafundi wa vioo na alumini, nunua kipande cha kioo kinene cha milimita 10, kikubwa kuliko hedi. Kioo cha kisasa hutoka kiwandani kikiwa tambarare sana. Kilaze mezani juu ya blanketi, laza hedi juu yake kwa uso wake, kisha jaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.05 pande zote na katikati ya silinda. Ikipita mahali popote, hedi imevuka kikomo.

Asiye na fila geji hutumia karatasi ya printa ya gramu 80, yenye unene wa takriban milimita 0.1. Ujue mipaka yake. Karatasi ikipita, hedi imepinda, hakuna mjadala. Isipopita, bado hujajua lolote, kwa sababu hedi inaweza kuwa imepinda 0.08 na karatasi isiingie. Fila geji haina bei ya kutisha, inunue.

Hedi iliyopinda kidogo iende kwenye karakana yenye mashine ya kuskimu, yaani kukwangua uso uwe tambarare. Mwambie fundi aondoe kiasi kidogo iwezekanavyo, maana kila anachoondoa huongeza mgandamizo. Msasa wa maji namba 400 uliobandikwa juu ya kioo unafaa kuondoa madoa tu, kwa kuzungusha hedi kwa mwendo wa namba 8 bila kuigandamiza. Haufai kunyoosha hedi iliyopinda. Hedi ikirudi kutoka kwenye mashine, weka kamshafti, funga kofia, na uizungushe kwa mkono kabla valvu hazijarudishwa. Ikikaba, hedi imepinda hadi juu, na kuskimu uso wa chini hakujasaidia kitu.

Valvu zikiwa mahali pake, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye vyumba vya moto, acha dakika 10 na utazame ndani ya njia za hewa na za moshi kwa kurunzi. Palipolowana, valvu hiyo isagwe.

Bolti na mashimo yake

Chukua bolti moja kuukuu inayolingana nyuzi, ikate mifereji 2 kwa msumeno wa chuma kutoka nchani kwenda juu, upana wa wembe wa msumeno. Ipitishe kwa mkono kwenye kila shimo la bloku. Uchafu utaingia kwenye mifereji. Usitumie tepu ya kukatia nyuzi mpya, inakula chuma.

Kisha kausha mashimo. Funga kitambaa kwenye waya, kizamishe hadi chini, rudia mpaka kitoke kikavu. Maji au oili ikibaki chini ya shimo, bolti ikishuka haina pa kuisukuma, na nguvu yake inaweza kupasua bloku. Kwa nini watu huliacha hili ilhali ni kazi ya dakika 20 haieleweki.

Linganisha kila bolti na mpya kwa kuzisimamisha bega kwa bega. Iliyorefuka, au iliyosinyaa shingoni, isirudi. Uwezo ukiruhusu, badili zote 10.

Kukaza kwa mizani

Kipimo cha nyingi kati ya injini hizi ni 29 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), halafu nyuzi 90 za kuzungusha, halafu nyuzi 90 tena. Toki renchi ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, ile ya ndoano yenye namba za kidijitali, inatosha kabisa.

Hesabu ni hii: gawanya Nm kwa 9.8, kisha gawanya kwa urefu wa mkono wa spana kwa mita. Urefu unapimwa kutoka katikati ya soketi hadi pale ndoano inaposhika. Kwa 29 Nm, mkono wa sentimita 30 unahitaji kilo 9.9, sentimita 40, kilo 7.4, sentimita 50, kilo 5.9. Kata mfereji mdogo kwenye mkono ili ndoano isitembee. Ikiteleza sentimita 3 tu kwenye mkono wa 30, umekosea kwa asilimia 10.

Jaribu mizani kwanza. Chupa 6 za maji za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa ni kilo 9 na ziada kidogo ya plastiki. Mizani ikisoma 8 au 10, itafute nyingine.

Paka tone la oili ya injini kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha kila bolti, tone tu. Gasketi iwekwe kavu, bila silikoni, matundu yake ya oili na maji yakilingana na ya bloku. Teremsha hedi wima, watu 2.

Kaza kuanzia bolti 2 za katikati, kisha zinazofuata kushoto na kulia kwa kupishana, umalizie za kona. Kwa mkono wa sentimita 30, raundi ya kwanza kilo 4, ya pili kilo 7, ya tatu kilo 9.9. Vuta mizani ikiwa imesimama pembe mraba na spana, polepole, na usome namba wakati bolti inatembea. Ukisimama katikati, bolti huganda kidogo, na namba ya kuianzisha tena huwa kubwa kuliko ukweli. Ilegeze robo mzunguko uanze upya.

Baada ya hapo mizani iweke kando. Weka doa la rangi ya kucha upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti. Kwa mpangilio uleule, zungusha kila moja mpaka doa litazame ubavuni: hizo ni nyuzi 90. Zikiisha zote 10, rudia mpaka madoa yatazame nyuma. Mkono wa sentimita 60 utakusaidia, maana hapa bolti ni nzito. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa inavutwa irefuke kidogo ibane kama springi. Bolti moja ikizunguka kirahisi kuliko wenzake, imechoka au nyuzi za bloku zinang'oka. Simama, itoe, uiangalie.

Kofia za kamshafti ni 13 Nm: mkono wa sentimita 20, kilo 6.6, kidogo kidogo na kwa zamu.

Kurudisha maji

Rudisha belti kwa alama, zungusha krenki kwa spana mizunguko 2 kamili, na alama zikutane tena. Zisipokutana, usiwashe.

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya rejeta na kula alumini. Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji yaliyotoneshwa nusu kwa nusu. Ukinunua maji ya betri, soma lebo mara mbili: duka lilelile huuza na asidi ya betri.

Paki pua ya gari ikiwa imeinuka, weka hita kwenye joto, acha kifuniko wazi, na uwashe. Minya mpira wa juu wa rejeta mara kwa mara, ongeza kulanti kila inaposhuka, hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Funga kifuniko, subiri feni iwake na kuzima mara 2. Zima, acha ipoe kabisa, ndipo ufungue na kujaza pengo. Bolti zinazokazwa kwa nyuzi 90 za kuzungusha hazirudiwi kukazwa baada ya injini kupata moto.

Kama oili ilikuwa imechanganyika na maji, weka oili ya bei nafuu na filta mpya, iache injini ingurume dakika 15 bila kukanyaga mafuta, imwage ikiwa ya moto, kisha weka oili sahihi na filta nyingine. Zungukia mjini siku 2 au 3 ukikagua kiwango cha kulanti kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kisiposhuka, gari liko tayari kwa Mtera au Gairo.